Dondoo muhimu: Kuotesha miche ndani, Rusizi ya milimani

Kule Bugarama kwenye joto, mbegu ya nyanya huota kitaluni bila kubembelezwa. Ukipanda kuelekea msitu wa Nyungwe, usiku ni baridi na mvua hupiga kitalu. Huko, anzia ndani ya nyumba.

Lini? Sia mwanzoni mwa Agosti, upandikize mvua za Septemba zikishakolea. Nyanya na kabichi hutaka wiki 4 hadi 6. Karoti haipendi kuhamishwa. Ipande shambani moja kwa moja.

Chombo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, na wala huihitaji. Kunja ganda kavu la mgomba liwe kikombe, lifunge kwa ukamba wake. Utapandikiza mche pamoja na kikombe, kiozee ardhini.

Udongo. Changanya udongo wa juu, samadi iliyooza na mchanga kidogo. Mwagia maji yanayochemka, uache upoe ndipo usie. Kinyausi, ule ugonjwa unaoikata miche shingoni ikalala chini, hupenda udongo mchafu uliolowa. Mwagilia asubuhi, kidogo tu.

Joto, kisha mwanga. Nyanya huota vyema kwenye nyuzi 20 hadi 27, kwa hiyo jirani na jiko panafaa. Ila zikichomoza tu, zihamishie dirishani siku hiyohiyo. Wengi huchelewa hapa, wakapata miche mirefu, myembamba, isiyofaa kitu.

Wiki ya mwisho kabla ya kupandikiza, itoe miche nje kila siku kwa muda unaozidi kuongezeka, upunguze maji. Pandikiza jioni.