Malipo Yako Yako Kwenye Kompyuta ya Ofisi? Hivi Ndivyo Utayafikisha Kwenye Wingu Salama

Tuseme mzazi amelipa karo kwa simu Jumatatu jioni. Ujumbe wa kuthibitisha umeingia na nambari ya muamala anayo. Jumatano asubuhi mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu jina lake liko kwenye orodha ya wasiolipa.

Pesa zilifika shuleni, hilo halina shaka. Shida ni kwamba taarifa ya malipo ilihifadhiwa kwenye kompyuta ya ofisi ya fedha, na orodha ya wadeni ilitolewa kwenye mfumo mwingine ulioko kwenye wingu. Mifumo hiyo miwili haikuwa inaongea.

Kama unapokea malipo kupitia Lipa Bili au tili, iwe una shule, sacco, chama au duka la jumla, somo hili ni lako. Tutatumia Azure Data Factory ya Microsoft kama mfano. Ukiwa na huduma nyingine majina yatabadilika, lakini mambo ya kuangalia ni yale yale. Kazi ya kuunganisha mwachie fundi wako. Wewe unahitaji kujua umuulize nini.

Maneno matatu kwanza

*Seva ya faili* ni kompyuta ya ofisini yenye folda ambazo kompyuta nyingine za ofisi zinaweza kuzifungua. Hapo ndipo wengi huweka taarifa za malipo za kila siku.

*Wingu* ni kompyuta za kampuni nyingine ambazo unazikodi na kuzifikia kwa intaneti.

*Huduma ya kuunganisha data* ni kama boda boda wa mizigo: inachukua data mahali pamoja na kuifikisha pengine, kwa ratiba uliyoiweka.

Hatua nne za kuunganisha

1. Weka daraja. Huduma iliyo kwenye wingu haiwezi kuona folda ya ofisi yako hivi hivi. Fundi anaweka programu iitwayo Integration Runtime kwenye kompyuta ya Windows iliyo kwenye mtandao wa ofisi. Programu hii ndiyo inayotoka kwenda kwenye wingu, kupitia poti 443, ile ile inayotumiwa na tovuti salama. Kwa hivyo fundi akikuambia lazima afungue ruta ili watu wa nje waingie, mwambie asimame kwanza akueleze kwa nini. Hakikisha pia kompyuta hiyo haijawekwa kulala yenyewe. Ikilala, daraja limekatika.

2. Toa ufunguo mdogo. Huduma itahitaji anwani ya folda, jina la mtumiaji na neno la siri. Usitoe akaunti ya mkurugenzi wala ya msimamizi wa mtandao. Fungua akaunti mpya inayoweza kusoma folda moja tu, bila ruhusa ya kufuta wala kubadilisha. Neno la siri lihifadhiwe kwenye Azure Key Vault, si kwenye daftari wala kwenye ujumbe wa simu.

3. Chagua cha kunakili. Tengeneza folda mbili, moja ya kazi na nyingine iitwe TAYARI. Faili ikishakamilika ndipo inahamishiwa TAYARI, na huduma inasoma hapo tu. Ukiiacha isome folda ya kazi, kuna siku itachukua faili ambayo bado inaandikwa.

4. Weka ratiba. Hapa wengi hujikwaa. Saa za huduma hii, usipozibadilisha, ni za UTC, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Saa sita usiku ya UTC ni saa tisa usiku kwetu. Kama umeiambia ichukue faili za “leo” pekee, faili iliyohifadhiwa saa nane usiku itahesabiwa kuwa ya jana. Chagua saa za Nairobi kwenye ratiba, na pale unapochuja faili kwa tarehe, kumbuka hizo saa 3.

Mahali malipo hupotelea

Kufikisha faili hakutoshi, kwa sababu faili inaweza kufika nzima na malipo yasionekane. Angalia haya mawili.

*Sifuri ya mbele.* Mwanafunzi wa nambari 0457 amelipiwa. Karani anafungua taarifa ya CSV kwa Excel, anaitazama, anaihifadhi. Excel imeona namba, ikaondoa sifuri, na sasa ni 457. Mfumo wa wingu unamtafuta 457, haumpati, na mtoto anabaki mdeni. Nambari za simu nazo hupatwa na hayo: inayoanza na 07 hupoteza sifuri, na ndefu inayoanza na 254 inaweza kugeuzwa kuwa kitu kama 2.54712E+11. Dawa ni rahisi. Faili uliyopakua usiiguse. Ukitaka kutazama, fungua nakala. Na kwenye jedwali linalopokea data, mwambie fundi safu za simu na akaunti ziwe za maandishi, si za namba.

*Malipo kuingia mara mbili.* Intaneti imekatika, kazi imerudiwa, na mistari ile ile imeongezwa tena. Sasa mzazi anaonekana amelipa 20,000 badala ya 10,000, na ukaguzi ukija ni kilio. Tumia nambari ya muamala kama kitambulisho cha kila mstari, ili ikija mara ya pili mfumo usasishe mstari uliopo badala ya kuongeza mwingine. Kama taarifa yako huonyesha makato kwenye mstari wake wenye nambari ile ile, tumia nambari ya muamala pamoja na aina ya muamala.

Hesabu kabla ya kuamini

Kila asubuhi, kabla hujatoa orodha yoyote ya wadeni, linganisha vitu viwili: idadi ya mistari na jumla ya pesa. Kama taarifa ya jana ina mistari 212 na jumla ya KSh 486,500, wingu nalo liseme 212 na 486,500. Kukiwa na tofauti hata ya shilingi moja, orodha isitoke. Ni kazi ya dakika tano, na ndiyo inayomwacha mtoto darasani.

Fanya hivi kila siku, si wiki ya kwanza tu. Mambo huharibika pale tunapozoea.

Majina na nambari za watu si zako

Taarifa ya malipo ina majina ya watu, nambari zao za simu na kiasi walicholipa. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, wewe unayeikusanya ndiye unayewajibika, hata kama imekaa kwenye kompyuta za kampuni nyingine. Ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kwa hivyo peleka safu unazohitaji pekee. Muulize fundi data itakaa nchi gani, maana kuipeleka nje ya Kenya kuna masharti yake. Na mfanyakazi akiondoka, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho: hakuna hatua hata moja hapa inayohitaji PIN yako ya simu. Sisi hatutaiomba, na fundi wa kweli haitaji. Mtu akisema anaihitaji “kuunganisha mfumo”, huyo ni tapeli. Kata simu na utujulishe.

Anza kidogo. Jaribu na taarifa ya siku moja, linganisha hesabu, kisha ongeza wiki nzima. Ukikwama, tupigie kupitia laini ya huduma kwa wateja. Tuko hapa kukusaidia.