Kutega Wanyama Wadogo Katika Mlima Kilimanjaro

Ukiitwa kuwasaidia wataalamu wa wanyama mlimani, fahamu kwamba kutega kwa ajili ya elimu si kama kutega ghalani. Ghalani wataka panya afe tu. Mlimani wataka kujua ni mnyama gani aishiye pale, na katika kimo gani.

1. Mitego. Ipange kwa mstari, penye njia za panya na kando ya magogo, nayo kila mmoja utie namba. Chambo chema ni nazi iliyokaangwa, ikapakwa karanga zilizosagwa.

2. Ndoo. Virukanjia hula wadudu, na wengi ni wepesi mno hata hawafyatui mtego. Basi fukia ndoo, midomo yake ilingane na udongo, ukazitoboe chini ili maji ya mvua yatoke.

3. Kutazama. Tazama kila alfajiri na kila jioni, bila kukosa. Kirukanjia hawezi kukaa saa nyingi bila chakula, na baridi ya juu humwua upesi. Yuko mmoja, aitwaye kwa elimu Myosorex zinki, aliyeelezwa mwaka 1956, ambaye hajulikani kuishi popote duniani ila Kilimanjaro. Ukichelewa, pengine ndiye atakayekufa bure.

4. Mikono. Usimshike mnyama kwa mikono mitupu. Viroboto vya panya vyaweza kuleta tauni.

5. Daftari. Andika papo hapo mahali, kimo, tarehe, namba ya mtego, uzito, na kama ni dume au jike. Mnyama asiye na maandishi hatufundishi neno.