Tochi ya Kichwani katika Baridi ya Kibo

Msimbu, wilayani Kisarawe, halijoto hubaki karibu nyuzi 20 za Sentigredi hata usiku wa mwezi Julai. Tochi iwakayo vyema huko yaweza kumwacha mwanafunzi gizani siku atakapopanda Mlima Kilimanjaro. Wapandaji wa njia ya Marangu huondoka kibanda cha Kibo karibu saa 6 usiku ili wafike ukingo wa kreta wakati wa mapambazuko, kisha waendelee hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Usiku huo halijoto huweza kushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Njia ni ya changarawe na mawe, na mikono hushika fimbo. Kwa hiyo taa hufungwa kipajini. Ikizimika, mpandaji hajui akanyage wapi.

Baridi hufanya nini ndani ya betri?

Betri hugeuza nishati ya kikemikali kuwa umeme. Katika baridi, mmenyuko huenda polepole na ayoni hupita kwa shida katika elektroliti. Ukinzani wa ndani huongezeka. Ichukuliwe betri ya volti 1.5 inayotoa mkondo wa ampea 0.5. Ukinzani wa ndani ukiwa omu 0.2, volti 0.1 tu hupotea ndani yake. Ukinzani ukipanda hadi omu 1, hupotea volti 0.5, na taa hubakiwa na volti 1.0. Hata hivyo, nishati iliyobaki haikuangamia: betri ikipashwa joto, sehemu kubwa ya nguvu zake hurudi.

Namna ya kuchagua

Kwanza, ichunguzwe aina ya betri. Betri za alkali zina elektroliti yenye maji, nazo hudhoofika sana katika baridi kali. Betri za lithiamu zisizochajiwa, za volti 1.5, hutumia kiyeyushi cha kikaboni badala ya maji. Hizo huweza kufanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Maelezo ya tochi yasomwe kwanza ili kuhakikisha kuwa inazikubali. Betri za ayoni za lithiamu, zinazochajiwa, zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwani metali ya lithiamu huweza kujikusanya juu ya elektrodi na kuziharibu.

Pili, iangaliwe mahali betri zinapokaa. Tochi yenye kisanduku cha betri kilichounganishwa kwa waya mrefu ni bora, maana kisanduku huwekwa ndani ya koti na kupata joto la mwili. Betri za akiba nazo zikae humo.

Tatu, swichi iweze kutumika na mkono uliovaa glavu, na mwanga uweze kupunguzwa. Mkondo mdogo hupunguza volti zinazopotea.

Jaribio

Chukua betri mbili mpya za alkali zinazofanana. Funga moja katika mfuko wa plastiki usiopenya maji, uizike katika barafu iliyopondwa na kuchanganywa na chumvi kwa nusu saa. Unganisha kila betri na balbu ya tochi ya aina moja, upime volti balbu ikiwaka. Kisha acha betri baridi ipate joto, uipime tena.

Maswali

1. Kwa nini volti hupimwa balbu ikiwa inawaka?
2. Mpandaji ambaye taa yake imefifia afanye nini kabla ya kuzitupa betri zake?