Kabla ya Kununua Lenzi ya 1.8, Pima Chumba

Ukipiga sendofu Mbagala au kicheni pati Mwananyamala unajua shida: taa zikipunguzwa, picha zinajaa chembechembe na anayecheza anatoka na ukungu. Lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, ukiivuta hadi 50, tundu lake linaishia 5.6. Lenzi ya 50mm yenye tundu la 1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Inunue hiyo kabla hujawaza kubadili kamera.

Lenzi hii haizumu, utazumu kwa miguu. Kwa hiyo leo jioni weka 18-55 yako kwenye 50, ibane kwa selotepu, kisha piga watu sebuleni. Mgongo ukigonga ukuta kabla familia haijaenea kwenye fremu, 50 haikufai. Vyumba vingi vya kupanga Tandika vitakupa jibu hilo. Kama kazi yako kubwa ni bibi harusi peke yake au sura ya mtu, 50 ni tamu sana.

Una Canon? Tafuta EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015. Kitako chake ni chuma. Ile ya zamani, f/1.8 II, ina kitako cha plastiki na fokasi yake inapiga kelele. Kwa chumba kidogo kuna EF-S 24mm f/2.8 STM. Mwanga wake ni mdogo kuliko wa 1.8, lakini familia nzima inaenea.

Wenye Nikon, hapa ndipo pesa nyingi hupotea. D3000, D5000 na nyingi za ukoo wao hazina mota ya fokasi ndani ya kamera. Ukiuziwa 50mm f/1.8D utazungusha kwa mkono hadi uchoke. Hakikisha imeandikwa AF-S. AF-S DX 35mm f/1.8G inatosha kazi nyingi.

Ukienda Kariakoo kununua ya mtumba, beba kamera yako. Ifunge lenzi, piga maandishi madogo kwa 1.8, kuza picha uone. Kisha mulika vioo kwa tochi ya simu. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni fangasi. Inapenda unyevu wa Dar. Lenzi hiyo iache, hata bei ishuke vipi.

Siku ya shughuli, 1.8 ni ya mtu mmoja. Wakijipanga mistari miwili, nenda 4, la sivyo wa nyuma watafifia.