KURUSHA MKUKI: NGUVU HUANZA MIGUUNI

Katika viwanja vya shule za Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hakosekani kijana ambaye wenzake humsifu kwa mkono wake. Tangu utoto amelinda mtama na wimbi, akifukuza ndege kwa mawe, na jiwe lake hufika mbali. Lakini mwalimu akimpa mkuki, huurusha kama jiwe: huvuta kwa nguvu zote za bega, mkuki ukatetemeka hewani na kuanguka karibu. Wala si ajabu kesho yake kiwiko kikamwuma.

Kijana huyo si dhaifu. Ila mkono ni sehemu ya mwisho tu ya kazi hiyo. Nguvu huanza ardhini, hupita miguuni, nyongani, kifuani na begani, na mkono huzipokea zikiwa zimekwisha kusanyika, kama ncha ya mjeledi ipokeavyo mwendo wa mpini.

Basi mafundisho na yaanze na mguu wa kushoto, kwa yule atumiaye mkono wa kulia. Mwisho wa mbio mguu huo hutangulia, kisigino kikagusa chini, na goti likakazwa lisipinde. Watu wa Busia na Malaba, ambako safari za baiskeli za mpakani zilizaa jina la bodaboda, waijua habari hii vema: gurudumu likigonga jiwe, baiskeli husimama lakini abiria huendelea mbele. Mguu wa kushoto ndio jiwe, na kifua na mkono ndio abiria. Goti likilegea, mbio zote zimepotea bure.

Hapo nyonga ya kulia hugeuka kwanza, hali mkono ungali nyuma, umenyoshwa, kiganja kikitazama juu. Kiwiko hufuata, nacho hakina budi kupita juu ya bega, karibu na sikio. Kikishuka chini ya bega, kano za upande wa ndani wa kiwiko huvutwa mno. Na kwa mtoto kano hizo zimeshikamana na mfupa ambao haujakomaa. Maumivu ya mahali hapo yasikandwe kwa dawa ili kijana arudi uwanjani siku ile ile. Apumzike, na yakizidi apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Uzito pia una maana. Mkuki wa wanaume ni gramu 800, wa wanawake 600. Wavulana wa chini ya miaka 18 hutumia gramu 700, na wasichana 500. Shule yenye mkuki mmoja tu wa watu wazima yafaa iwafundishe wadogo kwa mpira mwepesi. Kwanza warushe wakiwa wamesimama, wakilenga alama chini hatua kumi mbele. Kisha kwa hatua tatu, baadaye tano. Mbio kamili zije mwisho, ingawa ndizo wavulana wazitakazo kwanza.

Julius Yego, mzaliwa wa Nandi, alijifunza mengi kwa kutazama katika intaneti picha za Jan Železný na Andreas Thorkildsen. Mwaka wa 2015 huko Beijing alirusha meta 92.72 akawa bingwa wa dunia, na mwaka wa 2016 alipata medali ya fedha huko Rio kwa meta 88.24. Vijana wengi humwiga namna aangukavyo kifudifudi baada ya kurusha. Hilo si la kuigwa, kwa kuwa kuanguka huko ni matokeo ya mwendo wake mkubwa, wala siko kunakoupeleka mkuki mbali. Afadhali watazame goti lake la kushoto.

Wakati wa mazoezi wote wasimame nyuma ya mrushaji. Mikuki ikiisha kurushwa, mwalimu atoe amri, ndipo waende pamoja kuichukua, wakitembea.