Hesabu ya Wasiozaliwa

Mwaka 2009, katika mji wa Oxford nchini Uingereza, wanafalsafa Toby Ord na William MacAskill walianzisha chama cha watu walioahidi kutoa sehemu moja katika kumi ya mapato yao kuwasaidia maskini. Kazi hiyo ilikuwa njema. Fedha nyingi zilinunua vyandarua, na watoto wengi wa Afrika wakalala salama.

Baadaye baadhi ya wakuu wa kundi hilo waligeuza macho. Wakasema: walio hai leo ni wachache mno wakilinganishwa na watakaozaliwa katika maelfu ya karne zijazo, kwa hiyo hakuna kazi kubwa kuliko kuzuia msiba utakaowamaliza wanadamu wote. Katika kitabu chake cha mwaka 2020, Ord alikadiria kuwa hatari ya msiba wa namna hiyo katika miaka 100 ijayo ni 1 katika 6.

Hatusemi kwamba hatari hizo ni hadithi tupu. Mabomu ya nyuklia yapo, na maradhi ya kuenea ulimwenguni tumeyaona. Kosa limo katika hesabu yenyewe, nasi yatupasa kuichungua.

Mwaka 2013 Nick Bostrom, aliyekuwa akifundisha Oxford, aliandika kwamba duniani huenda wakazaliwa watu ambao idadi yao ni 1 yenye sifuri 16 nyuma yake. Basi, asema, anayepunguza hatari ya kuangamia kwa sehemu 1 tu katika 100,000,000 ni kama ameokoa watu 100,000,000. Kuzidisha ni sahihi. Lakini namba ya kwanza ni ya kukisia, na ya pili hakuna awezaye kuipima. Nani atatuonyesha kwamba hatari imepungua kwa kiasi hicho?

Hata hivyo, mbele ya mizani hiyo mtoto mwenye homa hushindwa daima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 597,000 walikufa kwa malaria mwaka 2023. Hao nao huonekana wachache. Mizani ambayo aliye hai hawezi kushinda kamwe si mizani ya haki. Tena wasiozaliwa hawana kinywa. Mwenye mali akidai kuwatetea, hawawezi kumkana.

Je, tuwasahau? La, hasha! Tujifunze kwa ndui. Ugonjwa huo ulifuatwa kijiji kwa kijiji. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ilitangazwa kwamba umekwisha duniani. Waliochanjwa walikuwa watu walio hai, kila mmoja na mkono wake. Lakini kila azaliwaye leo hurithi faida ya kazi ile.

Basi wazazi wakiulizwa na vijana wao juu ya mafundisho haya, na wawajibu hivi: kizazi kijacho hakina mlango mwingine wa kuingilia duniani ila kizazi hiki. Mtoto akifa leo kwa kukosa chandarua, na uzao wake wote umekatika pamoja naye. Anayemlinda huyo amekwisha kuwatunza na wale ambao bado hawajaonekana.