Panga la Springi Linapokatika: Maswali Kutoka Jego

Jego, kama kwingineko Kwale, springi kuukuu ya lori haitupwi. Humfikia mhunzi ikawa panga au jembe. Haya ni maswali tuliyomuuliza mtaalamu wa metali.

*Salamu aleikum. Panga langu lilikatika ghafla, halikupinda hata kidogo. Fundi asema chuma kilikuwa kichafu. Uchafu gani huo nisiouona?*

Waaleikum salaam. Chuma ni chembe ndogo za fuwele zilizobanana, mara nyingi hazizidi sehemu chache za mia ya milimita. Zichukulie kama mawe ya ukuta wa kale: jiwe laweza kuwa gumu, lakini chokaa ikiwa mbovu, ukuta hupasukia kwenye maungio. Fosforasi, bati, antimoni na aseniki hukimbilia maungio hayo, kwa sababu atomi zake hazitoshei vizuri ndani ya chembe. Zikifika huko hulegeza mshikamano wa chuma. Fosforasi ya asilimia 0.04 katika kipande kizima ni kidogo sana, lakini ikikusanyika mipakani, tabaka lisilozidi unene wa atomi moja latosha kuleta balaa.

Hata hivyo, fundi wako asijivue lawama mapema. Mara nyingi mkosaji ni moto. Chuma kikiachwa motoni hadi kikaribie weupe, chembe zake hukua na uimara hupungua. Kikizimwa majini bila kurudishwa motoni kidogo, hukatika hata kikiwa safi. Na mng'ao wa punjepunje pale kilipokatikia hauamui kesi. Darubini ndiyo hutambua kama ufa ulifuata mipaka au ulipasua chembe zenyewe.

*Mbona springi hiyohiyo ilibeba lori miaka na miaka?*

Kwa sababu haikuwa imepitia moto wa fundi. Springi nyingi zina manganizi, na nyingine kromi. Vyuma vya namna hiyo vikikawia kati ya nyuzi 375 na 575 za Selsiasi, au vikipoa polepole katika joto hilo, fosforasi hupata muda wa kuhamia mipakani. Vikipashwa kupita nyuzi 600 kisha vikapozwa haraka, ugonjwa huo huondoka. Lakini usifanye hivyo kwa panga, makali yatalainika. Baada ya kulizima, lirudishe motoni hadi makali yawe ya manjano hafifu, basi, litoe.

Viwanda vikubwa navyo vimeumia. Mwaka 1969, katika kituo cha nyuklia cha Hinkley Point, Uingereza, diski ya tabo ilipasuka vipande. Chuma chake kilikuwa kimedhoofika kwa namna hiyohiyo, na ufa mdogo tu ulitosha kuivunja. Siku hizi watengenezaji hubana fosforasi na bati, na huongeza molibdeni kidogo.

*Makaa ya mawe yana moto mkali. Niyatumie?*

Mimi ningebaki na makaa ya miti. Ya mawe huwa na salfa. Salfa ikiungana na chuma, mchanganyiko huo huyeyuka kwenye nyuzi 988 hivi, chini ya joto la kufulia, na chuma humeguka chini ya nyundo. Manganizi huinasa salfa ikatulia, ndiyo maana huwekwa katika karibu kila chuma cha pua. Wahunzi wa kale wa Galu, karibu na Diani, ambako wanaakiolojia wamefukua mabaki ya kazi ya chuma, walitumia makaa ya miti.

*Na nondo za chuma chakavu?*

Tanuru ya umeme inayoyeyusha chakavu haisafishi sana. Kilichoingia kwa kiasi kikubwa ndicho kinachotoka. Fosforasi dawa yake ni chokaa, nayo imejulikana tangu 1878, wavumbuzi Thomas na Gilchrist walipoiweka kwenye tanuru za Uingereza. Shaba ndiyo ngumu, haitoki. Chuma kikipashwa, uso wake huungua kuwa magamba, shaba ikabaki chini yake, ikayeyuka karibu na nyuzi 1,085 na kupenya mipakani. Hapo huzuka nyufa za juujuu. Bati huzidisha hali hiyo.

Kwa hiyo anayekusanya vyuma Jego, Vanga au Lunga Lunga atoe nyaya na koili za mota kabla ya kuuza. Shaba ina bei nzuri kuliko chuma, na nondo itakuwa salama zaidi. Na wewe mwenye panga, usichomelee lililokatika: mpe mhunzi alifue upya liwe kisu.